Aliyeingia Kabla ya Tobi

Kama una simu, huenda ile sinema umeiona. Inaitwa Msiba wa Wiki Ijayo. Hata kama hukuimaliza, kuna kipande kifupi ambacho watu hutumiana: mzee mwenye koti refu amesimama mlangoni usiku, anaongea na mlango mtupu, kisha anasema, "Aliyechelewa matanga na alie nje." Watu hushika mbavu hapo. Yule mzee ni mimi. Nami nakuambia, uamini usiamini, kile kipande hakikuigizwa. Hata ule usiku haukuwa usiku.

Nitaeleza polepole. Nilipokuwa naeleza haraka watu walidhani naitangaza sinema.

Boma letu liko Karungu, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa lote. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya karani wa mizani ya samaki mpaka nikastaafu. Nilikuwa na kaka mmoja tu, Ouma. Nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi aliuza dume la baba bila ruhusa. Baba akamwambia mbele ya watu kwamba asimwone tena. Ouma akavuka mpaka pale Isebania, akapotelea Tanzania. Hata mwaka haukuisha baba akaanza kujuta, akawa anatuma salamu kwa kila dereva wa lori aliyekuwa akielekea huko. Hakuna salamu hata moja iliyorudi.

Sasa, sisi Wajaluo tuna desturi yetu. Mtu akipotea, mwili wake usipatikane, nanyi mkakubali kwamba amekufa, huzikwa yago badala yake. Yago ni tunda la mwegea, refu, zito, linaning'inia mtini kama mchi. Linatajiwa jina la aliyepotea, linaliliwa, linafukiwa. Likishafukiwa, yule mtu ni marehemu. Akija baadaye kwa miguu yake mwenyewe, haingii tena langoni kama mwenye nyumba.

Majirani walimshauri mama azike yago la Ouma ili moyo utulie. Mama alikataa. Alikataa baba alipokuwa hai, akakataa hata baada ya baba kufa. Alipokuwa mgonjwa ameshakonda, aliniita akaniambia neno moja tu: "Mlango wa Ouma usiufunge." Nikaahidi. Na kwa miaka mingi niliitimiza ile ahadi. Mti wa yago ulikuwa pale pale nyuma ya boma, matunda yakianguka na kuoza, sikuyagusa.

Halafu vijana wa sinema wakaja.

Walitoka Homa Bay, vijana wenye adabu. Kiongozi wao kila mtu alimwita Dairekta, hata mama yake alipompigia simu. Hadithi yao ilinichekesha tangu siku ya kwanza. Kuna kijana anaitwa Tobi ambaye maisha yake yote amesikia wazee wakisifu msiba wa babu yake: ng'ombe waliochinjwa, watu walivyokula mpaka wakalala barazani. Siku moja anaingia chumba cha mashine ya kusaga posho, mkanda wa mashine unazunguka kinyume, naye anatokea upande wa pili katika zamani za babu. Amekwenda kula nyama. Lakini amefika wiki moja mapema, babu ni mzima, analima shamba. Basi Tobi anakaa pale akisubiri, kila asubuhi akimuuliza babu anajisikiaje.

Ungeona walivyoitengeneza ungecheka kuliko ulivyoicheka yenyewe. Ile mashine inayosaga kinyume, unga ukipanda kutoka gunia kurudi juu, walimwaga unga kwa kawaida kisha wakaonyesha picha kuanzia mwisho. Mnara wa simu ulioko mlimani waliufunika kwa tawi moja la mkuyu ambalo kijana alilishika mbele ya kamera mpaka mkono ukafa ganzi. Nyumba ya mama, ambayo siku hizi haikaliwi na mtu, waliiezeka nyasi upande mmoja tu, ule unaoonekana. Upande wa pili ulibaki mabati. Nguo za zamani walinunua mitumba Migori. Jumamosi hawakupiga picha kabisa, kwa sababu nusu ya waombolezaji walikuwa Wasabato.

Mtu wa sauti alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mrefu kama nguzo ya stima, jina lake Marwa. Alibeba maiki iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, nayo imevikwa manyoya ya kijivu kuzuia upepo wa ziwa. Watoto waliiita paka wa Marwa. Kina mama walimtania wakamwambia, "Shemeji, huyo paka ukimchoka tuletee, panya wametumaliza." Kumbuka huyo paka. Nitarudi kwake.

Mimi nilipewa kazi ndogo ya kucheza ndugu wa marehemu, mzee mkali anayesimama mlangoni mwa nyumba yenye jeneza na kuwafukuza wanaokuja msibani kwa ajili ya tumbo. Tobi, baada ya kufika wiki nzima mapema, anapitiwa na usingizi na kuchelewa msiba wenyewe. Anakuja mlangoni usiku, ananiuliza nani amefariki, namtajia jina, anaomba kuingia, ndipo namwambia ule mstari. Binti aliyeandika hadithi aliniapia kwamba aliutunga mwenyewe akiwa anafua. Namwamini.

Jina la babu lilileta shida. Lile waliloandika lilikuwa pia jina la jirani yetu aliye hai, naye akasema hatazikwa bure. Dairekta akaniuliza, "Jaduong', mzee wetu, tupe jina la mtu ambaye hatakuja kulalamika." Nikasema Ouma. Lilinitoka tu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Ouma ndiye mtu pekee ambaye hawezi kuja kulalamika.

Jeneza pia lilileta shida. Lilikuwa la kuazima kutoka kwa fundi mmoja wa Sori, tupu, na waliolibeba walionekana kama watu wanaobeba kitanda cha kamba. Waliweka mawe, yakagonga, Marwa akasema, "Mzee, marehemu wenu anapiga ngoma." Waliweka mchanga, ukavuja njia nzima. Ndipo mimi, kwa kutaka nionekane mtu wa maana, nikasema najua kitu chenye uzito wa mtu na hakipigi kelele. Nikaenda nyuma ya boma, nikakata matunda ya yago kadhaa, nikayafunga pamoja ndani ya blanketi moja. Yalikaa kimya kabisa. Wabebaji wakaanza kutoa jasho la kweli.

Jirani yangu, Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, ambaye alikuwa mmoja wa waombolezaji wa sinema, aliona nilichotia mle ndani. Akanivuta kando.

"Shemeji, hilo ni yago. Na jina mtakalotaja ni la nani?"

Nikamwambia ni sinema tu, mama, hakuna anayekufa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto akichezea kisu. Akavua ile leso ya sinema, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akaenda zake nyumbani. Sikumfuata. Kosa hilo sitamsukumia mtu mwingine. Desturi niliijua, nilionywa, nami nilikuwa na masikio.

Sinema haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Sisi tulizika asubuhi, tukakesha mchana. Asubuhi shimo lilichimbwa kando ya nyumba ya mama, mhubiri wa kuigiza akaomba, akamtaja Ouma mara tatu kwa sababu kamera ilikuwa na matatizo, jeneza likashushwa, udongo ukatupwa. Kisha wakalitoa, maana lilihitajika kwa mkesha. Vijana walikuwa wamechoka, wakalifungua ili liwe jepesi, wakayaacha yale mayago shimoni na blanketi lao. Dairekta akauliza shimo lifanywe nini. Nikajibu kama mzee yeyote wa huku angejibu: shimo la kaburi haliachwi wazi bomani, lifukieni. Wakafukia. Mimi mwenyewe nililikanyaga udongo ukakaa.

Mchana wakatengeneza usiku. Walifunika baraza ya nyumba ya mama kwa maturubai meusi pande zote, wakaziba kila tundu kwa matambara, ndani wakawasha taa zao zilizopunguzwa na taa moja ya mafuta. Nje jua la saa saba linachoma mawe, ndani ni usiku wa manane. Mahali pa kuingilia waliacha turubai moja linaloinuliwa, na Tobi alikuwa nje akisubiri ishara. Walinivika koti la baba. Binti wa mavazi alikuwa ameniuliza kama nina koti la zamani, nikamtolea lile, na kofia yake pia. Baba na mimi tunafanana sana. Kila mtu husema.

Dairekta alitupa onyo moja ambalo alilirudia kila siku: lolote likitokea usisimame, endelea na maneno yako mpaka niseme kata. Akasema twende.

Turubai likainuka. Akaingia kijana ambaye hakuwa Tobi.

Nilifikiri wamebadilisha mwigizaji. Alivaa suruali pana miguuni, ya fasheni ya zamani, na nilimsifu moyoni binti wa mavazi. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Alinuka mvua. Nyuma yake, pale turubai lilipokuwa limeinuka, niliona giza na nikasikia vyura. Niambie, wewe ungegundua? Mimi sikugundua. Nilikuwa nawaza maneno yangu.

Aliwatazama wale wenye taa. Alimtazama Marwa na fimbo yake muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, uso wake ukalegea kama mtu aliyefika baada ya safari ndefu.

"Baba," akasema kwa Kijaluo, "nani amefariki?"

Kwenye maandishi ilikuwa Kiswahili, lakini nikafikiri Dairekta kabadilisha. Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Ouma."

Akalitazama jeneza nyuma yangu. Nikasema moyoni, huyu anajua kuigiza.

"Ouma yupi?"

Hilo halikuwa kwenye maandishi. Nikajitungia, kwa sauti ya ukali: "Ouma wa hapa. Kuna mwingine?"

"Mmeshamzika?"

"Asubuhi."

Sijui kwa nini nilisema asubuhi. Jeneza lilikuwa nyuma yangu. Nafikiri nilijibu kweli kwa sababu niliulizwa kwa kweli. Akasema, polepole sana, naomba niingie. Nikakunja uso, nikainua mkono wa koti la baba, nikasema mstari wangu.

"Aliyechelewa matanga na alie nje."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtoto mtii. Akageuka, turubai likashuka.

Muda mfupi baadaye likainuka tena, na jua la mchana likamwagika ndani mpaka kila mtu akaziba macho. Alikuwa Tobi, akiuliza kama ishara ilikuwa imeshatolewa. Hapo ndipo nilipogundua. Kwa sababu mara ya kwanza turubai lilipoinuka, jua halikuingia.

Dairekta alisema kata. Akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Nikamuuliza yule kijana ni nani. Tukaulizana hivyo kama wagonjwa wawili. Hakuna aliyekuwa amemwona. Waliona mzee akijibizana na mlango, wakadhani nafanya mazoezi. Marwa tu ndiye aliyevua vile vya masikioni akauliza nani ameleta vyura. Tulikuwa katikati ya kiangazi.

Nilijilaza siku ile, wakapiga picha bila mimi. Nilijiambia ni joto la maturubai. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kujidanganya.

Walipomaliza kuiunganisha sinema, waliionyesha ukumbini Homa Bay na wakanitumia nauli. Dairekta alikuwa ameacha kile kipande kizima. Nikajiona nimesimama na koti la baba, namjibu mtu asiyekuwepo, jeneza likiwa nyuma yangu nami nikisema amezikwa asubuhi. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Jirani yangu wa kiti, mama mnene wa heshima, alinipiga bega akaniambia, "Wewe mzee utatuua." Nikatazama turubai kwenye picha. Halikutikisika hata mara moja.

Baada ya hapo sinema ikasambaa. Wale wa bodaboda wakiniona hunisalimia kwa ule mstari. Umeandikwa kwenye fulana na nyuma ya malori. Mtu anachelewa kanisani anaambiwa na alie nje. Nilikuwa naitikia kwa kupunga mkono. Ungefanya nini?

Ndipo siku moja, mchana, akaja mwanamke langoni. Si kijana, ana mvi kidogo. Alisimama nje ya ua, hakuvuka.

"Shikamoo, baba mdogo."

Kwetu huku salamu hiyo hatuna. Nilichelewa kuijibu. Akasema anatoka Tarime, jina lake Aloo, ambalo ndilo jina la mama yangu. Akasema baba yake aliitwa Ouma.

Nilimwambia aingie. Akakataa kwa upole. Akasema yeye alikuja kwa sababu ya sinema. Wanawe walikuwa wakiitazama kwenye simu, naye akiwa jikoni akausikia ule mstari, sufuria ikamponyoka. Kwa sababu ule mstari aliujua tangu akiwa mdogo. Kila walipomwuliza baba yao kwa nini hawaendi kwao Karungu, alijibu kwa maneno hayo hayo, kisha akatoka kwenda kukaa peke yake.

Siku moja tu, uzeeni, aliwaeleza. Alisema mwaka uliofuata baada ya kuondoka alirudi nyumbani. Alifika usiku wa mvua kubwa, amevua viatu kwa ajili ya tope. Aliona mwanga kwa mama yake, akainua pazia jeusi la mlangoni, akamkuta baba yake amesimama na koti lake na jeneza nyuma yake. Akaambiwa aliyezikwa ni Ouma wa hapa. Alielewa kwamba baba hajamsamehe, kwamba wamemzika akiwa hai ili wamalizane naye. Akarudi Tanzania usiku huo huo. Hakujaribu tena, akazeeka, akafia huko, kabla ya vijana wa sinema kufika bomani kwetu. Watoto wake walidhani ni hekaya.

"Alisema kulikuwa na uchawi pale," Aloo akaniambia. "Taa zisizo na moto. Na mtu mrefu ameshika fimbo, na nchani mwake paka aliyekufa."

Umesikia? Yule paka haonekani kwenye sinema. Marwa alikuwa nyuma ya kamera. Huyo binti hakuwa na mahali pa kumwona.

Basi hiyo ndiyo sababu ya mama kukaa akimsubiri mtu mpaka akafa. Mtu alikuwa amekuja. Alifika mlangoni, akakutana nami.

Nilimwambia Aloo yote, bila kuficha, pamoja na mayago na maneno ya Min Akinyi. Alisikiliza. Nikamwomba tena aingie, hata aione nyumba ya bibi yake. Akasema baba yake aliwakataza kuvuka hilo lango, na yeye hana nguvu ya kulivunja neno la marehemu. Akaketi chini, nje ya ua, kwenye jua, akafunika uso kwa kanga. Bodaboda akapita barabarani, akaniona, akapiga honi, akanirushia ule mstari kama kawaida, akicheka.

Naye Aloo alikuwa analia nje.

Nilitoka, nikaketi chini karibu naye.

Yale mayago niliyafukua, yameoza na blanketi lao, lakini wazee waliofukua nami walisema wazi kwamba kufukua hakurudishi kitu. Aloo huja kila baada ya mavuno. Namtolea kiti na chai pale nje ya lango, na siku za mvua tunajifunika turubai moja ambalo vijana walilisahau. Bado hajaingia.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayecheka: jina la mtu anayesubiriwa usilitoe kwa mchezo. Na mtu akija mlangoni kwako akakuita baba, weka kando maneno uliyofundishwa. Inua taa umtazame uso kwanza.